Kulala Hemani Penye Baridi: Maandalizi ya Mtu wa Pwani Anayekwenda Mlima Kenya kwa Mara ya Kwanza

Mtu aliyelelewa Lamu au Malindi huijua baridi ya kusi, ile ya mwezi wa Julai inayowafanya wazee wavae sweta alfajiri, ingawa wakati huo kipimajoto huwa bado hakijashuka chini ya nyuzi 20. Mlimani mambo ni mengine. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mchana wa nyuzi 28 ufukweni hulingana na nyuzi 6 au 7 katika kambi ya Old Moses, iliyo mita 3,300 hivi juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Sirimon, na usiku usio na mawingu joto hushuka hadi karibu na sifuri. Mlima huu uko jirani na ikweta, hivyo baridi yake haingoji msimu, bali hurudi kila jua linapotua.

Wakati bora ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua za vuli zimekwisha. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, haimfai anayeanza hata kidogo, kwa sababu baridi yenye mvua ni hatari kuliko baridi kavu iliyo kali zaidi. Ningemshauri pia asiulenge mlima wote safari ya kwanza. Alale usiku mmoja Nanyuki, mji ulio chini ya mlima, kisha usiku mbili Old Moses, arudi. Kambi inayofuata, ya Shipton, iko mita 4,200 hivi, na ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze kimo cha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, jambo ambalo mtu aliyetoka baharini juzi ana sababu zaidi ya kulizingatia. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande tena. Ukiona mwenzako anapepesuka au maneno yake hayaeleweki, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Usiende peke yako, na mchukue kiongozi anayeujua mlima.

Katika mavazi, jambo la kwanza ni kuacha pamba nyumbani. Fulana, kikoi na jinzi ambazo hutufaa sana huku kwetu hunywa jasho na kukaa nalo, na nguo yenye maji hunyonya joto la mwili kwa haraka. Vaa tabaka tatu: ya ndani ya sufu au poliesta inayobana mwili, ya kati ya sweta nene au jaketi lenye manyoya, na ya nje inayozuia upepo na mvua. Vitu hivi havihitaji fedha nyingi, kwani kwenye mitumba ya Malindi sweta za sufu na makoti huuzwa bei ya chini kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Soma lebo ya ndani uone kama ni sufu kweli. Ukianza kutembea, vua tabaka moja kabla jasho halijatoka, na ukisimama, livae kabla hujaanza kutetemeka. Weka soksi nene, boshori na glavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, na nguo za kulalia zisiguswe mpaka uingie hemani.

Wengi hununua mfuko wa kulalia mzuri wakaisahau ardhi. Uzito wa mwili hubana pamba au manyoya yaliyo chini yako, nayo yakibanwa hayahifadhi joto, kwa hiyo ubavu unaogusa chini hupoa usiku kucha hata kama juu umejifunika vizuri. Mkeka wa ukindu hausaidii, na godoro la sponji hufyonza maji. Tafuta mkeka wa povu gumu lisilopitisha maji, na ukiweza weka miwili. Kuhusu mfuko wenyewe, namba mbili za joto zilizoandikwa juu yake hazimaanishi kitu kimoja: ya juu ni ile ambayo mtu hulala nayo kwa raha, ya chini ni mpaka anaoweza kuuvumilia akiwa amejikunja. Fuata ya juu, nayo iwe sifuri au chini yake. Kabla ya kulala jaza maji moto katika chupa isiyovuja, ivike soksi na uiweke miguuni. Simu na betri ziingie ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe, kwa kuwa baridi huzimaliza nguvu upesi.

Kuna jambo moja ninaloliomba kwa moyo wote: jiko la makaa lisiingie hemani, hata kwa dakika chache, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala nayo hawaamki. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje. Acha tundu la hema wazi pia, maana pumzi za watu wawili hugeuka maji kwenye kitambaa, na maji hayo ndiyo yatakayowadondokea alfajiri.

Chakula kiwe cha mafuta na sukari: tende, kashata, karanga, mahamri ya siku ya kwanza. Maji huchemka kwa nyuzi 89 hivi kimo cha Old Moses, kwa hiyo maharagwe yasiyochemshwa kabla hayataiva. Beba uji, tambi na chai ya tangawizi. Kwa ajili ya udhu wa alfajiri, chemsha maji usiku na uyafunge ndani ya chupa ya chai, kisha ukaushe mikono na miguu kabisa kabla ya kutoka nje.

Mazoezi yafanyike nyumbani. Simamisha hema uani usiku, ukiwa na tochi ya kichwani na glavu mkononi, mpaka uweze bila kusoma maelekezo, kisha mwaga ndoo kadhaa juu yake uone panapovuja. Ukijizoeza ufukweni, osha zipu na vyuma kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Na baada ya safari, usiuhifadhi mfuko wa kulalia ukiwa umeshindiliwa: unyevu wa pwani huleta ukungu, hivyo uanike kivulini mpaka ukauke, uutundike kabatini, na uutoe upate upepo kila baada ya wiki chache.