Jinsi ya kuomba ruhusa ya kufuga mbwa katika nyumba za umma Marekani

Sisi tuliokulia kwenye nyua hatukuwahi kusikia mbwa akiombewa ruhusa. Aliletwa akiwa mdogo, akafungwa mchana, akafunguliwa usiku alinde, basi. Ukipewa fleti katika nyumba za umma Marekani mambo yanageuka: mbwa anaingia kwenye mkataba wako wa upangaji, na aliyeingizwa kimyakimya anaweza kukuponza ukaikosa nyumba yenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla hujampata mbwa. Watu wengi hufanya kinyume, wanamleta kwanza na kuuliza kanuni baadaye, watoto wakiwa wameshampa jina.

Hatua ya kwanza: jua uko nyumba ya aina gani

Nyumba za umma ni zile zinazoendeshwa na mamlaka ya nyumba ya mji au kaunti chini ya Wizara ya Makazi na Maendeleo ya Miji, ambayo kila mtu huiita HUD. Kama unatumia vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi, kwa mwenye nyumba binafsi, sehemu kubwa ya yaliyo hapa haikuhusu. Huko mwenye nyumba ndiye anayepanga, na mkataba wako naye ndio wa kusoma.

Ndani ya nyumba za umma nako kuna mafungu mawili. Majengo yaliyotengwa kwa wazee na watu wenye ulemavu yana kanuni zake, zilizotokana na sheria ya 1983. Mengine yanafuata sheria ya 1998, inayompa mpangaji haki ya kufuga mnyama wa kawaida wa nyumbani kwa masharti ya mamlaka, mradi masharti hayo yawe ya busara. Na masharti hayo ni mengi. Mamlaka inaweza kuweka kikomo cha idadi, umbo na uzito, kukataza wanyama inaowahesabu kuwa hatari, kudai mnyama ahasiwe na kusajiliwa, kutoza ada na kushika amana. Isichoruhusiwa ni kukulazimisha umkate mbwa nyuzi za sauti ili asibweke. Hilo limeandikwa wazi kwenye kanuni, na likishaandikwa ujue kuna aliyewahi kulifikiria.

Hatua ya pili: chukua sera ya wanyama kwa maandishi

HUD haina orodha moja ya nchi nzima inayosema mbwa huyu ndiyo, yule hapana. Kila mamlaka inatunga sera yake. Kwa hiyo ndugu yako wa jimbo jingine akikuambia "mbona sisi tunao", mshukuru, kisha nenda ofisi ya usimamizi wa jengo lako uombe sera ya wanyama iliyochapishwa. Maneno ya dirishani hayatoshi. Karani wa leo huenda asiwe yule utakayemkuta siku ya kupeleka fomu.

Chukua mfano wa jiji la New York. Mamlaka ya nyumba huko, NYCHA, inaruhusu mbwa mmoja au paka mmoja kwa kaya. Mbwa asizidi ratili 25, yaani kama kilo 11 na ushee, na uzito unaohesabiwa ni ule anaotarajiwa kuufikia akishakua. Mtoto wa mbwa wa kilo 4 mwenye mama wa kilo 30 hatapita kwa sababu tu leo anaenea kwenye kikapu. Aina tatu zimekatazwa kabisa, ziwe halisi au mchanganyiko: Doberman Pinscher, Pit Bull na Rottweiler.

Unapoisoma sera yako, tafuta majibu ya maswali haya: aina gani zimetajwa kwa jina, je, neno "mchanganyiko" limo, uzito unapimwa wa leo au wa utu uzima, kuhasi ni lazima au hiari, na mnyama wa mgeni anayekuja kulala siku mbili anaruhusiwa au la. Hilo la mwisho linasahaulika sana, na linaleta barua za onyo.

Hatua ya tatu: aina ya mbwa ni ile iliyoandikwa

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Mbwa wengi wanaochukuliwa kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama hawana karatasi za ukoo. Mfanyakazi wa kituo anamtazama, anaona kichwa kipana na kifua kilichojaa, anaandika "mchanganyiko wa Pit Bull". Ni makisio ya macho, na macho hukosea: mbwa wenye damu ya mbari (yaani aina) nne tano wanaweza kutoka na sura isiyofanana na yeyote katika wazazi wao. Lakini makisio hayo yakishaandikwa kwenye karatasi ya kituo, yananakiliwa kwenye cheti cha chanjo, kutoka hapo yanaingia kwenye leseni ya mji, na mwisho yanafika mezani kwa meneja wako. Yeye hatamwangalia mbwa. Ataangalia karatasi tatu zinazosema kitu kimoja.

Basi kabla ya kusaini kumchukua, uliza aina iliyoandikwa na aliyeiandika. Kama kuna shaka ya kweli, mpeleke kwa daktari wa wanyama mapema, umwombe aandike anavyomwona yeye, pamoja na uzito anaokadiria mbwa ataufikia. Kipimo cha vinasaba kipo pia, ila uliza ofisini kwanza kama wanakikubali, usije ukalipia karatasi isiyosomwa na mtu. Na usimwombe daktari aandike uongo. Mbwa hukua hadharani, majirani wana macho, na taarifa ya uongo kwenye maombi ni kosa kubwa kuliko mbwa mwenyewe.

Kama mbwa unayemtaka ametajwa wazi kwenye orodha ya waliokatazwa, achana naye mapema. "Ni mpole, hajawahi kung'ata" haisaidii mbele ya sera inayotaja mbari kwa jina.

Hatua ya nne: kusanya karatasi

Kwa kawaida utatakiwa kuwa na cheti cha daktari kinachoonyesha chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, na kwamba mnyama amehasiwa kama sera inadai; leseni ya mbwa ya mji pale sheria inapoitaka; na picha. New York leseni ni dola 8.50 kwa mwaka kwa mbwa aliyehasiwa na dola 34 kwa asiyehasiwa, hesabu inayomshawishi mtu bila hotuba.

Utahitaji pia jina na simu ya mtu atakayemchukua mbwa ukilazwa hospitali au ukifariki. Katika majengo ya wazee na wenye ulemavu hili limo kwenye kanuni za HUD, na mamlaka nyingine nazo huliuliza. Usijaze jina la mtu ambaye hujaongea naye. Simu ikipigwa na yeye akashangaa, mbwa ndiye atakayeumia.

Hatua ya tano: peleka fomu, ubaki na ushahidi

Jaza fomu ya usajili, saini, toa nakala ya kila kitu, na umwombe karani apige muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Ukilipa, uliza hela ni ya nini. Ada hairudi. Amana inashikwa kwa ajili ya uharibifu utakaosababishwa na mnyama, na kinachobaki kinatakiwa kurudi kwako. Risiti itaje ni ipi kati ya hizo mbili. Usimlete mbwa nyumbani kabla ya jibu, hata kwa wikendi.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Kwenye majengo ya wazee na wenye ulemavu, taarifa ya kukataliwa lazima itaje sababu. Kisha tumia utaratibu wa malalamiko wa mpangaji: kwanza mazungumzo ya kawaida na ofisi, yasipofaa unaomba kusikilizwa na mtu asiyehusika na uamuzi wa awali. Una haki ya kuona nyaraka zinazohusu shauri lako kabla ya siku hiyo na kwenda na mtu wa kukusemea. Tazama muda wa mwisho wa kuomba, kwa kuwa huwa mfupi.

Lakini elewa kikao hicho kinaweza kufanya nini. Kikisikia kwamba mbwa wako ameandikwa mbari isiyo yake, kinaweza kukusaidia. Hakiwezi kubadilisha sera yenyewe. Sera ya wanyama hujadiliwa kupitia mpango wa mwaka wa mamlaka, na kabla ya kuupitisha lazima kuwe na mkutano wa hadhara unaotangazwa angalau siku 45 kabla. Wapangaji wachache sana huhudhuria, ndiyo maana orodha za mbari hukaa miaka bila kuguswa.

Mbwa msaidizi ni habari nyingine

Mbwa anayemsaidia mtu mwenye ulemavu hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa tu. Vikomo vya mbari na uzito, ada na amana havimhusu. Hapa hupeleki fomu ya mnyama. Unaomba kinachoitwa "reasonable accommodation", yaani kanuni ilegezwe kwa ajili ya ulemavu, ikiwezekana kwa maandishi. Kama ulemavu au hitaji halionekani kwa macho, ofisi inaweza kuomba barua ya mtaalamu wa afya anayekufahamu, ila haina haki ya kudai faili lako la matibabu. Inaweza kumkataa mbwa fulani kwa sababu ya mwenendo wake mwenyewe, kwa mfano kama ameshashambulia watu, na uharibifu atakaoufanya utaulipia. Vyeti na vizibao vinavyouzwa mtandaoni achana navyo. Hakuna daftari la taifa la mbwa wasaidizi, kwa hiyo cheti hicho kinathibitisha tu kwamba ulilipa.

Ukikubaliwa

Weka kwenye kalenda tarehe ya chanjo kwisha, kwa kuwa usajili mara nyingi huhuishwa kila mwaka, na cheti kilichopitwa na wakati kinatosha kuleta barua. Kwenye majengo ya wazee na wenye ulemavu, barua ya kuvunja kanuni za wanyama inakupa siku 10 za kurekebisha au kuomba mkutano kwa maandishi, kwa hiyo usiiache mezani. Na mbwa akifa au ukimpa mtu mwingine, iandikie ofisi wamtoe kwenye faili, kisha uulize amana yako.