Kuchagua Rili ya Kwanza ya Kuvulia Ufukweni kwa Mkazi wa Bara

Mkazi wa Dodoma anayetaka kuvua baharini kwa kurusha mshipi kutoka ufukweni ana shida moja ambayo mwenzake wa Bagamoyo au Kilwa hana: pwani iko takriban kilomita 450 kutoka mlangoni pake, na siku atakazosimama mbele ya mawimbi kwa mwaka mzima huenda zikahesabika kwa vidole vya mikono. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo imekuwa nyepesi, lakini hakuna anayekata tiketi ili akakae mchangani saa nzima akifumua mshipi uliotatana huku maji yakijaa na kupwa mbele yake. Kwa sababu hiyo, vigezo vya kununulia rili, yaani kifaa cha kuzungushia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo, vimepangwa hapa kinyume na vinavyosikika madukani. Cha kwanza ni breki, kinachofuata ni uzito wa bobini, yaani kigurudumu kinachoviringishiwa mshipi, na umbali wa kurusha unakuja nyuma kabisa.

Rili inayozungumziwa ni ile ambayo bobini yake huzunguka mshipi unapotoka, tofauti na ile iliyozoeleka zaidi ambayo bobini yake hutulia na mshipi ukachomoka kwa mikunjo kupitia ukingoni. Rili ya kuzunguka huvuta mshipi moja kwa moja bila kuupinda kona, haiusokoti, na inastahimili chubwi (risasi ya kuzamishia ndoana) zito la gramu 150 na zaidi pamoja na samaki mwenye nguvu kama kolekole au taa mkubwa, na hizo ndizo sababu wavuvi wengi wa ufukweni huitamani. Gharama yake ni kwamba haijui kusimama yenyewe. Hesabu kidogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili: chubwi likiondoka kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, na mzingo wa bobini iliyojaa ukiwa sentimita 16, bobini hiyo inalazimika kuzunguka mara 250 katika sekunde moja. Hewa huanza kulipunguza chubwi kasi mara tu linapoondoka, ilhali bobini haina habari na inaendelea kumwaga mshipi ambao hakuna anayeuvuta. Mshipi huo uliozidi hujaa juu ya bobini, hujikunja chini ya mizunguko inayofuata, na ghafla kila kitu hukaza. Hapo ndipo mvuvi anapolielewa neno tatizo kwa maana yake ya asili, yaani kitu kilichotatana.

Kuna vipindi viwili vya hatari, na ni vyema mnunuzi avijue kabla ya kuuliza bei. Cha kwanza ni mwanzoni mwa mrusho, hasa pale mrushaji anapoichapa fimbo kwa mshtuko badala ya kuiongezea kasi polepole, kwa kuwa bobini huruka kwa kasi kuliko chubwi. Cha pili ni mwishoni, chubwi linapogusa maji na kusimama. Hapa breki haisaidii sana, na kidole gumba kisipotua juu ya bobini kwa wakati, hakuna kifaa kitakachoiokoa siku hiyo.

Breki za kurushia ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni vipande vidogo vya plastiki vilivyovishwa kwenye vijiti vya bobini, ambavyo husukumwa nje na mzunguko na kusugua ukuta wa ndani wa rili. Nguvu yake hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo hubana sana mwanzoni na kuachia karibu kabisa bobini inapopunguza mwendo. Ya pili ni sumaku zinazokaa karibu na ubavu wa bobini ya alumini bila kuigusa, na ambazo ukinzani wake hupanda na kushuka sambamba na kasi. Kwa anayeanza napendekeza sumaku bila kusita, mradi zirekebishwe kwa kitufe kilicho nje ya rili, kwa sababu breki za vipande kwa kawaida hudai ubavu wa rili ufunguliwe kila unapotaka kuongeza au kupunguza kipande, na kazi hiyo ikifanywa ufukweni penye upepo huingiza mchanga mahali ambapo haupaswi kuingia. Kitufe cha nje humruhusu mwanafunzi aanze na breki iliyokazwa hadi mwisho, kisha ailegeze pointi moja moja kadiri mkono wake unavyotulia. Muuzaji akikuambia kuwa rili yenye bobini ya plastiki tupu ina breki ya sumaku, muulize sumaku hizo zinashika nini, kwa maana zinahitaji chuma au metali nyingine inayopitisha umeme ili zifanye kazi.

Bobini yenyewe ichaguliwe kwa wepesi na wembamba. Bobini nzito huchelewa kuanza na huchelewa zaidi kusimama, kama gurudumu la mashine ya kusaga lililozimwa ambalo bado linazunguka. Bobini pana nayo humsumbua mwanafunzi kwa njia nyingine, kwa sababu rili nyingi za kurushia mbali hazina kile kijiti kinachokwenda kulia na kushoto kuupanga mshipi, na kidole gumba ndicho kinachofanya kazi hiyo wakati wa kuvuta. Upana ukiwa mkubwa, mshipi hulundikana katikati na mrusho unaofuata huharibika kabla haujaanza. Kijiti cha kupanga mshipi kinapunguza umbali na hukusanya mchanga kwenye mfereji wake, hata hivyo simkatazi anayeanza kununua rili iliyo nacho, kwa kuwa mita kumi alizopoteza ni nafuu kuliko mshipi uliopangwa vibaya. Jambo moja halina mjadala: bobini ya plastiki iepukwe. Nailoni inayovutwa na samaki mzito hurefuka, nayo inapojirudi ikiwa imezungushwa mamia ya mara huibana bobini kwa nguvu inayoweza kuipasua. Rili yangu ya kwanza ilipasuka hivyo ikiwa juu ya kabati, siku mbili baada ya kurudi kutoka pwani, bila mtu kuigusa.

Kwa upande wa ukubwa, kipimo ambacho wavuvi wengi duniani hukitumia kulinganishia ni Ambassadeur 6500 ya kampuni ya ABU, iliyoanzishwa Svängsta nchini Sweden mwaka 1921. Rili yenye umbo la karibu na hilo, inayoweza kubeba mita 220 hadi 250 za nailoni ya unene wa milimita 0.35, inamtosha anayeanza. Katika vitu vilivyotumika hukutwa pia Jigmaster za Penn, kampuni iliyoanza Philadelphia mwaka 1932. Hizo ni rili ngumu zinazoweza kuishi kuliko mwenye nazo, ila zina bobini pana, gia ya 4 kwa 1 na hazina breki za kurushia, kwa hiyo humfaa aliyekwisha kukizoesha kidole gumba chake. Rili ambazo kibano chake cha samaki, yaani kile kinachouachia mshipi kwa ukinzani samaki anapovuta, huendeshwa kwa wenzo unaosukumwa mbele na nyuma zilikusudiwa hasa kwa uvuvi wa kwenye boti. Kwa ufukweni chagua ile yenye nyota ya kuzungusha iliyo chini ya mkono wa rili.

Kuhusu gia, namba kama 6 kwa 1 maana yake ni kwamba mkono ukizunguka mara moja bobini huzunguka mara sita. Bobini ya kipenyo cha sentimita 5 itarudisha karibu sentimita 94 kwa mzunguko mmoja, na ya 4 kwa 1 itarudisha 63 tu. Pwani yetu ina miamba na matumbawe mengi, na wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, kwa hiyo mvuvi anahitaji kulinyanyua chubwi haraka kabla halijanasa. Gia ya 5 hadi 6 inafaa. Idadi ya beringi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isimbabaishe mtu. Mbili nzuri zinazoshika bobini zina faida kuliko kumi zilizotawanywa mahali ambapo hazizunguki.

Ukiwa mbele ya muuzaji, usiishike rili kama pambo. Bonyeza kitufe cha kuachia, izungushe bobini kwa kidole kimoja kisha isogeze karibu na sikio. Sauti inayotakiwa ni mnong’ono mmoja unaofifia taratibu. Ukisikia mkwaruzo unaojirudia kila mzunguko, bobini imepinda au beringi imekwisha. Tikisa bobini upande kwa upande: inatakiwa icheze kiasi kidogo sana, na kitufe cha pembeni kiweze kuuondoa mchezo huo. Baada ya hapo kaza nyota nusu, mwombe mwenzako avute mshipi akitembea nyuma, nawe uangalie ncha ya fimbo. Mshipi ukitoka kwa kushtukashtuka, ukisimama na kuruka, visahani vya kibano vimechoka au vimeganda, na samaki wa kwanza mwenye nguvu atakata. Mwisho, hakikisha mkono wa rili uko upande unaokufaa, maana nyingi hutengenezwa kwa wanaozungusha kwa mkono wa kulia, na mwenye shoto asidhani atakuta yake rafuni.

Mshipi wa kwanza uwe nailoni, si ule wa kusuka, kwa sababu wa kusuka hujichimbia ndani ya bobini, hutatana vibaya zaidi na unaweza kuchana kidole gumba. Jaza bobini hadi ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Mbele ya mshipi huo funga kipande kinene cha kupokea mshtuko wa mrusho, ambacho kanuni ya wavuvi hukipimia uwezo wa kilo 4.5 hivi kwa kila gramu 30 za chubwi, yaani karibu kilo 23 kwa chubwi la gramu 150. Urefu wake uwe mara mbili ya fimbo na kuzidi kidogo, ili mizunguko mitano au sita ibaki kwenye bobini wakati wa kurusha, na fundo lake likae upande ambao kidole hakigusi. Anayekiacha kipande hiki ili kuokoa fedha anatishia maisha ya watu, kwani mshipi mwembamba ukikatika katikati ya mrusho, risasi hiyo huruka kama ya bunduki.

Sasa inakuja faida ya kuishi Dodoma, ambayo watu wa pwani hawana: uwanja. Baada ya mavuno ya mtama na alizeti, mashamba hubaki wazi kwa miezi kadhaa, na uwanja wa mpira nao, kutoka goli hadi goli, ni kama mita 100, kipimo ambacho hakihitaji futi kamba. Funga chubwi bila ndoana, kaza breki yote, geuza mgongo uelekee upepo, ambao kwetu wakati wa kiangazi haukosekani, kisha rusha kwa nusu ya nguvu zako. Usitafute umbali. Tafuta mirusho kumi mfululizo isiyotatana, na ukiipata legeza breki pointi moja, urudie. Chubwi linapokaribia kutua, teremsha kidole gumba taratibu na uisimamishe bobini kabla halijagusa ardhi. Kwa kuwa nchi kavu halizami, kosa la sekunde moja utaliona hapo hapo kwa macho. Mwenye uwezo wa kufika mita 70 kwa uhakika tayari anavua, kwa sababu samaki wengi hula pale mawimbi yanapovunjika na kuchimbua mchanga. Kabla ya kila mrusho tazama mbele na pembeni, maana mbuzi na mtoto anayewachunga hutokea bila taarifa. Mabua na miiba hukwaruza nailoni, hivyo tumia mshipi wa bei ndogo kwa mazoezi na usiende nao baharini.

Vumbi letu jekundu lina madhara ya namna yake. Rili iliyopakwa grisi nyingi kwa nje hugeuka kuwa msasa baada ya wiki moja ya mazoezi, kwa hiyo grisi ibaki ndani kwenye gia, na beringi za bobini zipate tone moja la mafuta kila moja. Anayeanza atumie mafuta mazito kidogo, kwani hayo nayo ni breki. Ukirudi kutoka pwani, kaza nyota ili maji yasipenye kwenye visahani, mwagia rili maji yasiyo na chumvi kwa upole bila mkandamizo, kisha ifute mpaka ikauke, kwa sababu maji ya visima vyetu huacha ukoko mweupe kama ule unaouona ndani ya birika. Ikishakauka legeza nyota kabisa, na uihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa, si wa plastiki unaofungia unyevu.