Paka akishikwa na mafua, mzibue pua ale

Kuanzia mwezi wa sita upepo wa Dodoma ukianza kuchapa, usiku baridi inashuka mpaka chini ya nyuzi 15 na mchana vumbi linaingia hadi kwenye masufuria, ndo huku kwetu Nkuhungu unasikia paka wanapiga chafya kila nyumba. Naandika kwa ajili yako we ambaye paka wako sahivi amejikunja kwenye kona, macho yamejaa matongotongo, pua imeziba, chakula cha jana bado kipo kwenye sahani na hujui uanzie wapi.

Kwanza tofautisha vumbi na mafua. Paka akipiga chafya mbili tatu umetoka kufagia uwanja, alafu anakula vizuri na anarukaruka kama kawaida, hilo ni vumbi tu, au moshi wa mkaa, au udi, au dawa ya mbu ile ya kuwasha, muondoe hapo atatulia. Mafua yenyewe chafya hazikatiki, makamasi yanaanza maji maji alafu yanakuwa mazito ya njano au kijani, asubuhi macho yameshikana, mwili wa moto na amepooza. Wengine wanatoka vidonda kwenye ulimi ndo maana unaona udenda. Mara nyingi wanaoleta shida ni virusi viwili, herpesivirusi ya paka na kalisivirusi, na vyote vinaambukiza paka kwa paka, we na watoto hamvipati, kwa hiyo jamani usimtupe nje kisa unaogopea watoto.

Ila hapo kwenye udenda nikuombe kitu. Kama paka hajachanjwa kichaa cha mbwa na amebadilika tabia ghafla, anavamia watu au anayumba, usimfungue mdomo kuchungulia vidonda, mfungie sehemu uite daktari wa mifugo. Na kama ameshakung'ata au kukukwarua, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 alafu nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Watu wengi hawajui kwamba paka anakula kwa pua, asiponusa hali, hata umwekee minofu mitupu. Na paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini yanahamia kwenye ini kwa wingi mpaka ini linashindwa kazi, hasa kama ni mnene. Yani mafua mwili ungeyashinda wenyewe ndani ya wiki moja mpaka tatu, lakini njaa inamuwahi. Ndo maana mi nikiona paka ana mafua sianzi kuwaza vidonge, nawaza pua.

Chukua maji yaliyochemka yakapoa, robo lita, weka chumvi nusu kijiko cha chai, koroga mpaka iyeyuke. Chovya pamba, lainisha makamasi yaliyogandia puani kwanza ndo ufute, usibandue yakiwa makavu utamchubua. Kwa macho tumia pamba nyingine, kila jicho na pamba yake, futa kutoka upande wa pua kwenda nje. Fanya hivyo mara tatu nne kwa siku na kila kabla ya kula. Kisha mvuke, ambao kwa Dodoma unasaidia sana maana hewa yetu ni kavu: ingia nae bafuni au chumba kidogo, weka beseni la maji yanayofuka pembeni mbali na miguu yake, funga mlango, kaa nae umempakata dakika 10 mpaka 15. Usimfungie kwenye boksi na sufuria ya moto, akishtuka akaikanyaga ataungua. Wala usitie kwenye maji dawa za kuchua zenye menthol na kafuri, kwetu zinafungua kifua ila kwa paka kafuri ni sumu.

Usiku mpe joto kwa nguo nzito au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hapana, lile linaua hata binadamu.

Akishatoka kwenye mvuke pua imefunguka kidogo, hapohapo ndo unamletea chakula, usisubiri. Na kiwe kinanuka. Dagaa ndo mkombozi wangu, nawachemsha bila chumvi na bila kitunguu, nawaponda na mchuzi wao mpaka uji, nampa kikiwa vuguvugu maana chakula baridi hakitoi harufu. Maini ya kuku yaliyochemshwa nayo yanafaa. Akigoma mpake kidogo kwenye mdomo au kwenye mguu wa mbele, atajilamba na mara nyingi hamu inaanzia hapo. Maji ya kunywa yawepo muda wote, na ule mchuzi wa dagaa uhesabu kama maji. Ukiona bado, tumia bomba la sindano bila sindano yenyewe, ingizia pembeni ya mdomo kidogo kidogo, mwache ameze ndo uongeze, na kama anahemea mdomo usimlazimishe kabisa, chakula kitaingia kwenye mapafu.

Kwenye dawa naomba unisikilize vizuri. Panadol inaua paka. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja kama sisi, kidonge kimoja tu kinatosha kummaliza, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, pumzi inakata. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo usimpe. Kitunguu saumu tunachotafuna sisi tukiwa na mafua, kwake kinaharibu damu, na kitunguu maji vilevile. Maziwa yanawaharisha paka wakubwa wengi, na anayeharisha anapoteza maji ambayo anayahitaji. Mi paka wangu Bahati alipougua mara ya kwanza nilienda duka la dawa za mifugo mjini, muuzaji akanipimia dozi ya mbuzi bila hata kuuliza uzito, na Bahati alikuwa kilo 3. Nilirudi nayo nyumbani moyo ukakataa, nikamtafuta daktari. Huku kwetu wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo we ndo useme ni paka, ana kilo ngapi, ana umri gani.

Daktari alimpa doksisaiklini, na akanieleza haiui virusi, inazuia bakteria wanaodandia juu yake. Akaniambia kila kidonge nisukumie na maji au chakula kwa sababu kikikwama kwenye koo kinaliunguza, hilo wengi hawaambiwi.

Usingoje kama hajala saa 24 zimepita, na mtoto wa paka usifikishe hata nusu siku, au anahemea mdomo, jicho limekuwa na ukungu, au ukivuta ngozi ya shingo inakawia kurudi, hiyo ni maji yameisha mwilini. Anza na afisa mifugo wa kata yako akuelekeze kwa daktari.

Kama una paka wengine mtenge mgonjwa, vyombo vyake peke yake, na we nawa kabla ya kushika wengine. Kalisivirusi inaweza kukaa kwenye vyombo na sakafu mpaka mwezi mzima, kwa hiyo fua na osha kwa JIK mililita 125 kwenye maji lita 4, alafu suuza vizuri. Walio wazima ulizia chanjo, watoto wanaanza wakiwa na wiki 6 mpaka 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wafikishe wiki 16. Haizuii mafua yote ila akiugua anaugua kidogo.

Herpesi ikishaingia haitoki, inalala mwilini na kuamka paka akipata msongo. Bahati mpaka leo, tukihamisha vitu ndani au upepo wa mwezi wa saba ukianza, anapiga chafya siku mbili tatu, jicho la kushoto linatoa machozi, na mi nshajua, usiku huohuo nabandika maji ya beseni na dagaa jikoni.