Kupima maji yaliyobanwa ndani ya silika jeli

Maji ya kwenye glasi yana namba ya dielektriki (kipimo cha jinsi kitu kinavyouitikia umeme) karibu 80, kwa kuwa molekuli zake hugeuka kwa uhuru kuufuata umeme. Yakibanwa, hugoma. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliyapima kwenye nyufa za nanomita chache, namba ikashuka hadi 2 hivi. Vifaa vyao huvipati Kariakoo, lakini dalili ya mgomo huo utaiona kwenye silika jeli, zile punje za kwenye maboksi ya viatu. Vitundu vya aina ya kawaida vina upana wa nanomita 2 hadi 3.

Tafuta gramu 140 za punje nyeupe (za bluu zina kobalti, ambayo ni sumu, achana nazo), vipande viwili vya bodi ya shaba vya sentimita 20 kwa 20, fremu ya plastiki yenye unene wa milimita 5, mizani ya gramu 0.1 na mita ya LCR (kifaa cha kupima kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji) inayofika kilohezi 100.

Kausha punje kwenye oveni, nyuzi 120, saa 3, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Zikikaa wazi, kwa hewa ya Dar, zitakunywa unyevu kabla hazijafika kwenye mizani. Simamisha bodi, shaba zitazamane, fremu katikati, juu pawe wazi. Ikiwa tupu, mita isome kapasitansi ya kama pikofaradi 71. Ziada ni ya waya na fremu, itoe kila mara.

Mimina punje, gongagonga mara 20, pima. Zianike kwenye sinia hadi ziongezeke gramu 7, zifungie chupani usiku kucha unyevu usambae, pima tena. Rudia hadi uzito ugome kupanda. Usizinyunyizie maji: hupasuka, vipande vikajipanga vingine, na kipimo kimekwisha.

Gramu za kwanza hupandisha kapasitansi kidogo, maana maji hayo yameng'ang'ania kuta za vitundu. Zinazofuata hupandisha zaidi. Usitegemee kupata ile 2: unapima mchanganyiko wa silika, hewa na maji.

Kosa kubwa ni masafa, yaani mara ngapi kwa sekunde umeme wa mita unageuka. Kwa kilohezi 1 namba inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kilohezi 100, na ziada hiyo ni chaji zinazotembea kwenye unyevu na kurundikana. Multimita ya kawaida hudanganyika hapo hapo. Shika ya kilohezi 100, na D (namba ya mita inayoonyesha umeme unaopotea) ikivuka 1, tupa kipimo. Punje usiziguse kwa vidole. Chumvi ya jasho hupitisha umeme.