Boila imegoma asubuhi ya barafu? Anza na paipu ya nje

Jamani mlioko Uingereza, usiku ukishuka chini ya sifuri halafu asubuhi boila (ile mashine ya kupasha joto nyumba na maji) imegoma, kabla hujalipa fundi toka nje uangalie kale kapaipu ka plastiki kanakotokea ukutani usawa wa boila, mara nyingi kashaganda.

Iko hivi, boila za gesi za siku hizi, ambazo England na Wales zimekuwa lazima tangu 2005, zinavuna joto mpaka lililomo kwenye moshi, moshi ukipoa mvuke wake unageuka maji na yanaweza kufika lita 2 au zaidi kwa siku. Sasa maji yenyewe yanatoka kidogokidogo, yakikuta paipu nyembamba yenye baridi yanaganda, yanaziba, yanarudi nyuma mpaka boila inajizima. Ukisikia inabubujika kama mtu anasukutua mdomo ujue ndiyo hiyo. Desemba 2010 baridi ilivyopiga, nyumba kibao zilikosa joto kwa hili tu.

Kuyeyusha: tumia maji ya moto ya kuoga, sio yanayochemka, yanapasua paipu. Mwagia taratibu, anzia kwenye kona na pale mwisho inapoingia mtaroni, ndipo panapoganda sana. Yaliyomwagika chini yamwagie chumvi, yakiganda mtu atateleza. Paipu ikiwa juu achana nayo, usipande ngazi kwenye barafu. Ikishaachia bonyeza kitufe cha riseti kwenye boila, iwake upya.

Dawa ya kudumu ni paipu isitoke nje kabisa, iungwe humohumo ndani kwenye bomba la maji machafu la sinki. Ikishindikana basi nje iwe fupi, isizidi mita 3, unene kuanzia milimita 32 (ile ya 22 ni ya ndani tu), iteremke sentimita 4 na nusu hivi kila mita, na ivalishwe sponji isiyoingia maji. Mtu asikufungie ya shaba, maji haya yana asidi, yataila.

Mpangaji usijigharamie, matengenezo ya mitambo ya kupasha joto nyumba ni ya mwenye nyumba kisheria. Na boila yenyewe usifungue, hiyo ni ya fundi wa Gas Safe, yaani aliyesajiliwa rasmi kufanya kazi za gesi, muombe kadi yake uigeuze nyuma, kazi anazoruhusiwa zimeandikwa pale.