Viatu vipya vijaribu Karura kwanza
Ukipanga safari ya kutwa msituni, ya kupita maporomoko ya maji hadi kijiji kisichofikika kwa gari, usivae viatu vipya siku hiyo hiyo. Vijaribu Karura, msitu ulio jijini Nairobi, Jumamosi moja, ushuke hadi kwenye maporomoko na kurudi. Mteremko ndio utakaokuambia ukweli: kidole gumba kikigonga mbele, kaza kamba kwenye kifundo cha mguu, legeza kidogo juu ya vidole. Na kucha kata siku mbili kabla. Yangu iligeuka nyeusi, ikang'oka, na nilikuwa bado na nusu ya njia! Soksi kavu zitie kwenye mkebe wenye kifuniko. Usitumie mfuko wa plastiki: plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku kwenye misitu ya hifadhi ya Kenya tangu Juni 2020.