Kuhamisha AC bila kumwaga gesi

Miaka 19 nafunga AC hapa Dar, na bado sauti ya "fyuuu" inaniuma. Mteja anahama Sinza kwenda Mbezi, fundi analegeza nati, gesi yote inaishia hewani. "Utajaza nyingine," anaambiwa. Kama ni R-22, gesi ya AC za zamani, ina klorini. Inapanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni, kilomita 15 hadi 35 juu yetu. Huko miale ya jua inaichana, na chembe moja tu ya klorini inavunja maelfu ya molekuli za ozoni, ile inayotuchujia miale inayounguza ngozi na kuleta mtoto wa jicho. Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni, inaiondoa R-22 sokoni, lakini AC kuukuu bado zimeibeba. R-410A na R-32, gesi za AC za karibuni, hazina klorini, ila zinaongeza joto la dunia. Nazo usizimwage.

Kompresa, ile pampu ya gesi, ikiwa nzima, karibu gesi yote inafungika ndani ya kifaa cha nje. Washa AC kwenye ubaridi, nyuzi 16, iache dakika kumi. Unganisha geji, kipimo cha shinikizo la gesi, upande wa bomba nene. Kwa ufunguo wa pembe sita, funga kabisa vali ya bomba jembamba. Sasa kompresa inavuta gesi kutoka kifaa cha ndani, na gesi haina njia ya kurudi.

Hapa usibanduke, na simu usipokee. Mshale wa geji unashuka ndani ya dakika chache. Ukikaribia sifuri, funga vali ya bomba nene, zima umeme papo hapo. Usiuache upite chini ya sifuri: palipolegea pataingiza hewa, na hewa ikichanganyika na oili ndani ya kompresa ya moto inaweza kuipasua. Mshale ukigoma kushuka, huenda kompresa imechoka; tafuta mashine ya kuvuta gesi na mtungi wake, usiujaze zaidi ya asilimia 80.

Ukishafungua nati, ziba midomo ya mabomba ya kopa kwa tepu. Masika mimi sifungui bomba mvua ikinyesha, hata mteja anune. Unyevu ukiingia unaharibu oili.

Kule unakohamia, ukishaunganisha mabomba, yajaze naitrojeni, paka povu la sabuni kwenye kila nati. Kiputo kikikua kama jicho la samaki, kaza kidogo, paka tena. Kisha toa naitrojeni, piga vakyumu, yaani nyonya hewa yote kwa pampu, nusu saa, funga vali ya geji, subiri. Mshale usipopanda tena, fungua vali zote mbili.